Koo la Mashine

Nilianza na pampu ya nyanya.
Si yangu. Ya dada yangu Nabwire,
aliyeniazima kwa sharti moja:
Alhamisi, jua likianza kulegea, irudi Busitema
tangi likiwa limejaa, na hadithi asiletewe.

Siku nne, basi.
Madumu manane ya mafuta ya kupikia, ya manjano,
nikayaziba kwa mpira wa baiskeli
yaelee na kubeba injini.
Bomba la inchi tatu nikalipata kwa Ekirapa wa vyuma chakavu;
alilipima kwa shubiri,
bei akaipima usoni kwangu.

Shida ilikuwa koo.
Maana changarawe haipitishwi ndani ya pampu,
itayatafuna mapezi yake kwa siku moja.
Unayachukua maji ya pampu, unayachoma kwa mshazari
ndani ya bomba nene, kupitia tundu jembamba;
yakikimbia mbele, nyuma yao panabaki utupu,
na utupu ni kama tumbo la mgeni wa jioni,
haujui kusema umeshiba.
Nilimweleza Hadudu mchomeleaji mara tatu.
Akainua miwani yake myeusi:
"Kwa hiyo mashine yako inakula kwa kukohoa."
Ndiyo, Hadudu. Umeelewa kuniliko.

Mara ya kwanza pembe ilikosewa.
Bomba likatapika badala ya kumeza,
likanilowesha mpaka kitambulisho cha mfukoni.
Mara ya pili tukalilaza kidogo, hatua ya panya,
nikaweka kiganja mdomoni mwake:
likaking'ang'ania kama ndama.

Mfereji ni bati la paa. Vizuizi, nondo kumi na moja
(nilitaka kumi na mbili; umeme ukakatika).
Chini yake hutakiwa zulia la manyoya
dhahabu iingie, ishindwe kutoka.
Zulia hatuna. Blanketi tunalo.
Amuge alinitazama nikipitisha mkasi.
"Tutajifunika nini?"
"Dhahabu."
Hakucheka.

Jumatano, kijitoni, nyuma ya Tiira.
Injini ilipiga chafya, ikashika.
Mto ukaanza kupanda bomba:
kandambili ya mguu wa kushoto, betri, kijiko,
kisha changarawe, changarawe, changarawe,
nami nikipiga kelele peke yangu kama mlevi wa mchana.

Sikuwaona wakija.
Wanawake wanne, wameloa hadi kiunoni, makarai kichwani,
na Taaka mbele, akaukanyaga mpira wangu
mpaka injini ikalia.
"Huku chini tunateka uji," alisema. "Njoo unywe wewe kwanza."
Nikazima.
Kimya kile kilikuwa na matope ndani yake.

Akalizunguka dude langu, akagonga dumu kwa ukucha.
"Na mbona unanyonya katikati?
Kizito hakipendi mbio. Kinapumzika."
Akaonyesha kwa kidevu nyuma ya jiwe
ambako maji hujipinda na kulala.
Masharti yake hayakuwa mengi:
niwashe saa nane, ndoo zikishapanda nyumbani;
na rundo langu la mabaki ni lao, bila kuomba.

Jioni nililifua blanketi karaini, polepole,
kama mtu anayemwogesha mtoto wa mwenzake.
Mnunuzi hupima kwa njiti za kiberiti:
nilipata njiti mbili,
na ya tatu iliyokatwa kichwa.
Kwenye rundo langu Taaka alipata njiti nzima,
akanipita bila kusema neno,
ila alipita akitembea taratibu mno.

Hesabu: petroli, tangi la Nabwire,
deni la Hadudu, nusu yake.
Blanketi bado.

Alhamisi pampu ikarudi kwenye nyanya zake.
Madumu Amuge ameyachukua, anatekea maji.
Koo limebaki kwangu, msumarini, karibu na mlango.
Usiku upepo ukilipitia
linakohoa,
naye chini ya shuka nyepesi ananipiga kiwiko:
"Amka. Linakuita."