Kwapa hadi Kwapa

Mnunuzi wa Dayton ameuliza mara tatu:
kwapa hadi kwapa, inchi ngapi?
Lebo haiamini. Anasema kiwanda cha kwanza
kilishona arobaini na nne ikabana kama soksi,
kikauzwa, na wenye jina jipya
wakaita "ya kati" iliyompwaya hata kocha.

Basi nimeitandaza jezi mezani,
nimesogeza kopo la sukari,
nimevuta futi ya mama juu ya matundu ya nailoni.
Ishirini na mbili. Nusu inchi imeliwa na mashine ya kufulia.

Chini, lebo nyingine: urefu umeongezwa inchi nne,
maana Verlin alikuwa mlingoti,
akiruka kitovu kinaisalimia Muncie nzima.
Lakini pindo limekunjwa tena, uzi mweusi, kwa mkono:
mwaka ule aliporudi kutoka hospitali
na mama, bila neno,
akaipunguza jezi imfuate.

Nimemwandikia mnunuzi.
Amejibu: pindo si la kiwandani, bei ishuke.

Ishuke.
Nimeivaa. Inanifika mapajani.
Nje theluji; naosha vyombo,
thelathini na moja mgongoni.
Saizi sijui.