Daftari la Madeni

Nimelikuta ndani ya debe la unga wa mchele,
tukilipaka chokaa duka la halua, hapa Sheki:
daftari la jalada la ngozi, lanuka iliki na panya.

Kurasa za mwanzo ni za babu Mirzabala.
Aliandika kutoka kulia, mkono ukirudi upande wa moyo,
nami kitukuu wake hata alifu siijui.
Kisha Sonabeyim, bintiye: herufi za Kilatini,
kubwakubwa, za mtoto aliyefundishwa na amri.
Miaka kumi tu. Amri nyingine,
na mkono uleule, wadaiwa walewale,
ukahamia herufi za Kirusi.
"Mara mbili," bibi alikuwa akisema,
"nililala msomi, nikaamka mjinga."
Mwishoni ni mimi, Kilatini tena,
ila si kile chake; kimerudi na nukta za ugenini.

Deni lililolipwa limekatwa kwa mstari.
Mstari nausoma bila mwalimu.

Moja halikukatwa.
Nililipeleka kwa Nuraddin, msoma mawe ya makaburini.
"Agakishi, mshona matandiko ya farasi," akasoma, "anadaiwa..."
Akanyamaza. Akafuta miwani.
"Kafu, wau, re, kafu.
Ni joho la manyoya. Au beleshi. Au mivukuto ya mhunzi.
Wau hii ina sauti nne, na nyingine hakuziandika.
Alijua atakumbuka."

Irabu alizibakiza mdomoni,
akazikwa nazo.

Jana nilimwonyesha Tofig, mjukuu wa Agakishi,
fundi simu wa mtaa wa chini.
Alicheka, kisha hakucheka.
Akalijaribu neno, sauti baada ya sauti,
kama mtu mwenye funguo nyingi mlangoni usiku.
Joho, kwao hakuna aliyewahi kuliona.
Mivukuto hakuijua hata jina;
ilimtoka kinywani imechubuka.

Asubuhi hii, kizingitini,
beleshi jipya, kibandiko cha bei kikining'inia.

Nimelikata deni.
Mstari mmoja, kutoka kulia, kwa heshima.
Theluji imeziba njia mpaka barabarani, nami nazoa,
vidole vimekufa ganzi.
Kama ulidai joho, babu,
baridi hii nayo tumeirithi.