Kabla ya Kuziba Tundu

Thembo aligonga dari kwa kifundo cha kidole,
akanusa, akanyamaza.
"Wako wangapi?" nikamuuliza.
"Tutawahesabu wakitoka. Leta kiti."

Tukaketi uani, macho kwenye ukingo wa mabati,
yeye na daftari lake la madeni, mimi na uji wa mtama.
Saa moja kasorobo, mlima ulipojifunika,
wa kwanza akadondoka kama jani lisilofika chini,
kisha wawili, kisha kamba nzima ikafumuka.
Themanini na saba. Wote kwa tundu moja
lisilotosha kupitisha kidole gumba changu.

Jirani yangu Biira alishauri moshi wa pilipili.
Mwanawe akasema sumu, anayo dukani, ya panya.
Mimi nilisema lolote, mradi iwe leo:
ukuta wa chumba cha watoto una michirizi ya kahawia,
na harufu imeingia hadi kwenye sare za shule.
Mgeni siku ya tatu mpe jembe.
Hawa wana miaka minne, hawajalima hata tuta.

Thembo akapanda ngazi, tochi kwenye paji la uso,
barakoa, glavu za mpira hadi viwikoni.
Nikamsikia akitambaa juu ya vichwa vyetu.
Aliposhuka hakunitazama.
"Wana watoto. Hawajaota manyoya bado.
Wamening'inia kwenye boriti, wanangoja maziwa.
Ukiziba leo, mama zao watakesha nje wakikwaruza mabati,
na watoto watakuozea juu ya kitanda.
Ngoja mvua ziishe. Wajifunze kuruka."

Nilikuwa na jibu kali mdomoni.
Nikakumbuka Kilembe, usiku ule mto Nyamwamba
ulipoingia na mawe yake bila hodi,
Mbambu mgongoni, Kule nikimkokota kwa mkono.
Hakuna aliyengoja wangu wajifunze chochote.
Nikasema, haya, nitangoja.

Wiki saba. Kelele, mkojo, ndoo chini ya ufa.
Kule akaanza kuandika hesabu mlangoni kwa chaki:
tisini na moja. Mia moja na nne.
Mia moja na kumi na tisa.

Ndipo Thembo akarudi na saruji na waya.
Akaziba nyufa zote, moja moja, akabakiza lile tundu,
akalitundikia neti, imefungwa juu, wazi chini,
kama sketi iliyoanikwa:
anayetoka huteleza, akaenda zake;
anayerudi hutua pale pale alipozoea, asiione njia.
Usiku wa kwanza walizunguka nyumba hadi alfajiri,
na mimi ndani, macho kodo.
Wa tatu wakapungua. Wa sita, hakuna.

Tulilowesha kinyesi kabla ya kukizoa, vumbi lisiamke.
Tukapaka chokaa. Tundu sasa lina kofia ya saruji
na alama ya kidole cha Thembo.

Kule anasema wamehamia karakana ya zamani ya reli,
amewaona. Sijui.
Mbu wameongezeka, hilo ninalijua.
Siwataki warudi.
Lakini saa moja kasorobo bado natoa kiti uani,
na Thembo, akipita na baiskeli yake,
hudhani namngoja nimlipe saruji.