Taa Nyekundu

Duka la Keskil lina milango miwili,
na kati yake baridi huachwa kama viatu.
Nimeingia kope zikiwa na barafu.
Rafuni madumu yamejipanga,
kila moja laapa kuwa ndilo.

"Ya madini au sintetiki?"
Nahesabu rubli ndani ya glavu, kwa kidole gumba.
Zinatosha oili nzuri na chujio hafifu,
au chujio zuri na oili ya kubahatisha.
Kaka yangu Uybaan alishasema:
chujio ni mkebe tu, usiuziwe mkebe.

Keskil habishani. Anatoka nje,
anarudi na chupa mbili zilizolala kwenye theluji usiku kucha.
Anaipindua ya kwanza: kimya.
Imeganda kama uji wa jana, haitoki hata kwa kuombwa.
Anaipindua ya pili, yenye sifuri ubavuni:
inashuka uzi mmoja, rangi ya asali,
haukatiki
hadi chini ya kikombe cha chai.
Kipimajoto dirishani kinasema hasi arobaini na saba.

Hapo ningeondoka na oili yangu.
Lakini mfukoni nilikuwa na chujio la zamani, limeviringwa gazetini.
Keskil akalibana kwenye jiriwa, akalikata kwa msumeno.
Mikunjo ya karatasi imelaliana,
raba ngumu kama kwato,
na ndani ya ule weusi, vumbi linametameta.
Nikaligusa. Si mchanga.
Ni injini yangu, inanirudia kidogo kidogo.

Gari langu watu huliita Mkate, kwa umbo lake.
Hubeba maziwa na barua juu ya barafu ya mto Lena,
kilomita sitini bila moshi wa nyumba.
Huko injini ikizimika
hakuna anayekumbuka bei.

Nikavua kofia yangu ya manyoya ya mbweha:
"Iweke rehani mpaka Ijumaa."
Keskil akaitazama, akanivika tena.
"Masikio hayana vipuri," akasema,
akaandika deni langu daftarini kwa penseli,
maana wino nao huganda.

Usiku, gerejini, nikapaka oili mpya
kwenye ukingo wa raba, kwa kidole,
kama mtu anayempaka mtoto mafuta midomoni.
Nikalikaza chujio kwa mkono. Spana hapana.

Asubuhi nimeliondoa blanketi la boneti.
Nageuza ufunguo. Injini inakohoa,
inakataa,
inashika.
Taa nyekundu ya oili inanikodolea jicho.
Uybaan, aliyeliita mkebe, amesimama mlangoni,
anahesabu kwa midomo tu.

Moja,

na mkono wangu tayari uko kwenye gia.