Jino la Taqah

Bakhit ananipa chekecheo, ananiambia, tikisa polepole,
usifanye kama unachunga unga wa futari.
Nacheka. Nimechunga unga miaka arobaini.
Udongo wa kijani unapita, maji ya chumvi yanapita,
upepo unaleta harufu ya dagaa walioanikiwa ngamia,
na wavuni inabaki punje moja nyeusi, inang'aa,
ndogo kuliko ya mchele.

Jino.

Mimi kazi yangu meno.
Miaka kumi na tisa, zahanati ya Salalah,
nimeshika taa juu ya vinywa vya madereva, vya maharusi,
vya mabwana wenye majambia ya fedha,
na kinywa kikishafunguka hakiwezi tena kujitaja ukoo.
Bakhit, msoma mawe, alipotaka jicho la mtu wa meno
nikajipakia garini, Asila pembeni,
jino lake la mbele likining'inia kwa uzi wa nyama.

Naliweka chini ya lenzi. Vilima, na bonde katikati.
Gego. La kulia.
Limesagika hasa: mwenyewe, nadhani, alipenda kutafunia huku,
kama marehemu mama.

Miaka milioni thelathini na ushei, anasema Bakhit,
kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mbuzi.
Palikuwa na msitu hapa, na mikoko.
Mwenye jino alikuwa na uzito wa paka mchanga,
mkia, vidole vya kushikia, macho ya kutazama mbele,
akila tunda lake huku akimchungulia mwewe.
Si babu yetu hasa. Labda mjomba wa babu,
wa upande ule usioalikwa harusini.
Lakini mti ni ule ule,
na katika mti huo, kwa kuzaa na kufa, kuzaa na kufa,
mmoja akakosa mkia asijue kama amekosa,
mmoja akashuka,
mmoja akasimama aone ng'ambo ya nyasi, akasahau kuinama,
mpaka taya likapungua, magego ya mwisho yakakosa pa kukaa,
nami nikapata kazi.

Nauliza: alivukaje kutoka Afrika?

Nilizaliwa Unguja, nikaitwa Mmanga.
Nikaja huku na sanduku moja na mama, nikaitwa Mzinjibari.
Karani aliniuliza kabila, nikalitaja,
akalitazama kama noti anayoishuku.
Kwa hiyo nauliza kuvuka kama wengine wanavyouliza hali.

Bakhit anashangaa. Avuke nini?
Bahari ya Shamu haikuwako.
Ghuba ya Adeni ilikuwa haijapasuka.
Nchi moja, huku na kule,
angeweza kupita tawi kwa tawi, kizazi kwa kizazi,
asiloweshe mkia.

Nakaa juu ya jiwe.
Kumbe bahari ndiyo iliyokuja baadaye.
Bahari ndiyo mgeni.

Jioni ile mjomba Azzan, kwa simu kutoka Sib:
Sisi wana wa Adamu, tumeumbwa kwa udongo, usinisahau hilo.
Sisahau, mjomba. Udongo wenyewe uko kuchani mwangu
na hautoki.

Lakini hiyo ilikuwa jioni. Kabla yake, mchana,
Asila anapiga ukelele, damu kidogo, jino mkononi.
Kwetu tulirusha paani. Kwao Bakhit hurushiwa jua.
Yeye anataka kulifukia pale pale, kwenye shimo,
liwe na mwenzake.
La! anaruka Bakhit. Utawachanganya watakaokuja!

Basi nachukua kijifuko kama vyao, na karatasi yake.
Penye tarehe naandika tarehe. Penye mahali, Taqah.
Penye jina, Asila.
Penye asili, kalamu inasita,
na nikiinua macho kumtafuta
yuko kivulini mwa gari, pengo wazi,
anatafuna tende
kwa upande wa kulia.