Nguzo za Kwenda Shela

Ngazi za nyumba yetu ni kumi na saba.
Mimi nilikuwa nikikaa kitako kwenye ya tisa,
beseni la nguo mapajani,
nikijidai natafuta kibanio kilichoanguka.
Juu, kamba inangoja. Chini, wifi yangu Mwanaharusi
anauliza: "Umefika?"
"Nafika," nasema.
Pumzi ndiyo haijafika.

Nesi wa zamu alinifunga ule mkanda mkononi,
akasikiliza, akatazama pembeni.
"Bi Salha, wauza nini?"
"Viazi karai na bajia."
"Na vinavyobaki?"
Nikanyamaza. Vinavyobaki vilikuwa vimekaa pale pale
kwenye kiti, vimevaa buibui.

Basi nikaswali alfajiri, nikavaa raba za mwanangu Twaha,
namba arubaini na mbili,
nchani nimeshindilia pamba ya mto,
buibui nimelifunga kiunoni kwa kipande cha leso,
nikatoka kwa mlango wa uani
kama mwizi wa kuku.

Nguzo ya kwanza ya umeme hadi ya pili:
hiyo ndiyo iliyokuwa dunia yangu mwezi wa Rajabu.
Kati yake nilikufa,
nikafufuka nimeukumbatia mti wenye lami,
koo lina ladha ya sarafu,
ubavuni sindano ya kushonea magunia.
Punda wa Mselem, na mawe yake mgongoni,
akanipita. Hakugeuka hata kunitazama.
Waliogeuka ni vijana wanaoshusha mchanga:
"Mama, wakimbia deni?"
"Nakimbia mazishi," nikajibu,
ila sauti ilitoka nusu,
wakasikia "mazishi" tu.
Wakaweka makoleo chini. Innalillahi, wakasema,
na mmoja akauliza ni saa ngapi.

Shaabani: nguzo tatu, kutembea, kisha mbili.
Siku nyingine moja.
Siku nyingine nilirudi kulala
wala sina la kusingizia, mvua haikunyesha.
Ramadhani niliacha, nikadhani nimeacha kabisa.
Mfungo mosi, na halua bado i kwenye meno,
nikaenda kusimama kwenye nguzo yangu ya kwanza
nayo ikanipokea kama jirani mwema
asiyeuliza ulikuwa wapi.

Halafu siku ile.
Mwezi kumi na saba, bamvua,
na mimi, mzaliwa wa Langoni, mjukuu wa mabaharia,
nilisahau kuhesabu maji.
Nimekaa Shela nakunywa kwenye chupa,
nikageuza uso: bahari imeanza kupanda njia,
pole pole, kama mgeni anayejua
chumba chake ni kipi.

Nikaondoka mbio. Kusimama ni kulowa.
Raba zikapiga chapa, chapa,
chumvi ikaruka hadi magotini,
na katikati ya yote hayo nilikuwa nawaza mafuta,
dumu lilivyopanda bei,
na Mwanaharusi ambaye hadi leo
hajui kupima bizari,
na lile deni la Twaha la skuli,
na kama nilizima jiko.

Niliposhtuka,
nguzo yenye lami ilikuwa nyuma yangu.
Sikuwa nimehesabu hata moja.
Miguu nayo haikuwa imepata habari:
ilipita mlango wetu,
ikapita baraza la fundi cherehani, akabaki na uzi mdomoni,
ikambana punda wa Mselem ukutani kwenye kichochoro
na safari hii
aliyegeuka ni yeye.

Adhuhuri nikabeba beseni.
Kwenye ngazi ya tisa nikakaa.
Hapakuwa na kibanio cha kutafuta. Nilikaa tu,
kwa hiari yangu, nisikie pumzi
inavyoingia na kutoka
kama mtu mwenye ufunguo wake.
"Umefika?" akauliza Mwanaharusi.
"Bado," nikamwambia.