Alama za Penseli

Sikuanguka mlimani. Ningependa kusema nilianguka mlimani.
Niliteleza kwenye ngazi ya tatu ya duka la dawa, hapa Kutaisi,
mkononi nina sabuni na dawa ya kikohozi ya mtu mwingine,
barafu nyembamba kama utando juu ya maziwa
ikanilaza mbele ya watu wanaonijua.

Nilisikia mlio. Si mkubwa.
Kama ukuni mkavu unapovunjwa gotini.
Kisha sauti ya Tsiala wa ghorofa ya pili:
"Nazibrola, unatafuta nini huko chini?"

Daktari, rika la mwanangu, akaiinua picha kwenye mwanga:
kichwa cha mfupa kimejitenga na shingo yake
kama majirani wasiosalimiana.
"Miaka hamsini na tisa," akasema huku akiandika,
kana kwamba na hiyo ni sehemu iliyovunjika.

Wiki sita mkono ukawa kwenye kombeo.
Nililala kitini, wima, abiria
wa treni isiyoondoka.
Tsiala akinichana nywele kila asubuhi
kwa nguvu za mtu anayeng'oa magugu,
nami nikisema asante, asante, machozi yakinilenga.
Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.
Hawakutaja kiazi. Hawakutaja sidiria.

Mimi ni mwokaji. Miaka thelathini na mmoja
nimejitosa nusu mwili ndani ya tanuri
lililochimbwa ardhini kama kisima,
mguu mmoja hewani, donge la unga kiganjani,
nibandike kwenye ukuta wa moto, nitoke
kabla nyusi hazijaungua.
Kazi ile yote ni bega. Watu husifu mkate.

"Panda ukuta kwa vidole," akaniambia binti wa mazoezi,
"polepole, kama buibui mzee."
Ukuta wangu mtupu ni mmoja tu, kando ya mlango wa jikoni,
nilipokuwa nikimsimamisha Malkhazi kila siku yake ya kuzaliwa,
kitabu kichwani, penseli, mstari, mwaka.
Nimepaka rangi nyumba nzima mara tatu.
Pale sijapagusa.

Siku ya kwanza vidole vilitambaa, vikagota
kwenye miaka miwili.
Nikakaa sakafuni nikalia.
Mwezi Machi nikafika minne, mwaka wa surua.
Aprili, saba: majira yale ya giza,
umeme hakuna, gesi hakuna,
nikioka kwa mshumaa na foleni imezunguka kona,
yeye amelala juu ya magunia, mweupe kwa unga
kama mzimu mdogo anayekoroma.
Nilisimama hapo siku kumi na tisa.
Bega lilikataa kuondoka. Au mimi.

Sasa anaendesha malori Poznań. Jumapili hupiga simu:
"Mama, umefika wapi?"
"Nimefika ulipovunja dirisha la shule."
"Hilo sikuvunja mimi."
"Basi nimefika uliposema uongo."
Anacheka, na nyuma yake nasikia injini
haijazimwa.

Kumi na moja. Kumi na mbili kasoro ukucha.
Daktari anasema huenda ikawa ndiyo mwisho wake,
mfupa umeunga ulivyoweza,
na kwa umri huu tushukuru.
Nashukuru. Kumi na nne naiona kutoka hapa,
mwaka aliponipita kimo, nikapanda kigoda
kuchora mstari.

Septemba nilirudi kwenye tanuri, jioni, moto umeshashuka.
Eteri, aliyeshika nafasi yangu, akajifanya anahesabu chenji.
Niliinama. Mkono ukaishia njiani
kama sentensi ya mlevi;
nikausukuma kwa kiuno, kwa mbavu, kwa matusi,
mkate ukanata upande, juu mno, karibu na mdomo
ambapo moto ni wa kubahatisha.

Ulitoka umepinda, shavu moja halijaiva.
Eteri akanitazama, akaniletea chumvi.
Niliula wote, nimesimama.